Mshale Mwekundu wa Laini ya Mkate

Sekei, Arusha
6 Oktoba 2024

Mpwa wangu Eunike,

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya kuhusu umeme ni kuupima kwa uniti za mwezi na kudhani amejua mashine ilibeba nini. Nakuanzia hapo kabla hata ya salamu, kwa sababu nasikia umeajiriwa kuendesha mashine ya umeme wa maji ya Nkoamasi. Sikusikia kwako. Nilisikia kwa Lucky, dereva wa gari la mikate la Sifaeli. Alisimama hapa getini asubuhi, akapiga honi akasema, "Mzee Sinzia, amka, mpwa wako kakalia kiti chako." Mkwe wangu alichukua mkate akafunga geti. Mimi mkate huo sijautia mdomoni tangu mimi na Anande tuhamie huku mjini kwa kijana wetu.

Jina hilo unalijua, ila siku nilipopewa ulikuwa chuoni Moshi. Nakueleza kwa mpangilio. Mwaka jana, Jumapili ya Kipaimara, watu walipotoka ibadani na kila nyumba ikaanza kupika na kupiga muziki, mashine ilizidiwa na koili ya jenereta ikaungua. Nkoamasi ikakaa gizani hadi baada ya Krismasi, koili ikisukwa upya. Kwenye mkutano wa umoja wetu wa umeme, Sifaeli, mwenyekiti, alisimama akawasomea watu uniti za Novemba. Zilikuwa chache kuliko za Oktoba. "Kama umeme uliotumika ni mdogo," akasema, "mashine ilizidiwa na nini? Mzee alisinzia." Watu wakacheka. Nikaomba kueleza, akasema muda wa maelezo umekwisha. Kisha akaniomba funguo za kibanda cha mashine mbele ya watu ambao taa zao niliziwasha mimi.

Sasa sikiliza vizuri, maana wewe ndiye uliye kibandani. Mfikirie mama anayebeba ndizi kichwani kwenda soko la Tengeru. Mkungu mmoja kwa safari, akienda mara nyingi, mwezi unaisha salama na mikungu ni mingi. Siku moja mbebeshe minne kwa mpigo. Shingo itaumia, atalala kitandani majuma mawili, na mwisho wa mwezi ukihesabu utasema, "Mbona mwezi huu amebeba michache?" Hiyo ndiyo hesabu aliyoisoma Sifaeli. Uniti ni mikungu ya mwezi mzima. Mashine haiuoni mwezi. Inauona mzigo ulio kichwani dakika hii, nao hupimwa kwa kilowati.

Tena umeme haukai ghalani ukisubiri. Unatengenezwa wakati uleule unapotumika. Jirani akichomeka pasi, maji kule kwenye tabaini inayozungusha jenereta yanatakiwa kusukuma zaidi papo hapo. Mashine yenu hubeba kilowati arobaini. Zaidi ya hapo inaumia.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Kwa juma moja, soma ile mita ya ubaoni kila nusu saa uniandikie. Karatasi mpe Lucky. Atauliza ni nini. Mwambie ni salamu za mjomba.

Mjomba wako,
Abdiel


Nkoamasi
12 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo. Shikamoo na kwa mama Anande.

Nisamehe sikukwambia. Niliandika ujumbe mara tatu nikaufuta. Huku shimoni kwenye mashine simu haishiki, na kule barabarani inakoshika kila mtu anasikiliza unachosema. Kazi niliichukua kwa sababu cheti changu kilikuwa kabatini kinafuga vumbi, na mama alisema mashine ile uliijenga wewe, si Sifaeli, kwa hiyo siendi kumfanyia kazi Sifaeli. Nilikubali kwa sababu nilitaka kukubali.

Nimesoma mita kama ulivyosema. Karatasi ya namba iko ndani, ila nakueleza jinsi siku inavyokwenda. Usiku wa manane kijiji kimelala, na bado mzigo uko juu ya kilowati kumi na tano. Sehemu kubwa ni oveni ya Sifaeli. Inazimwa kabla ya mapambazuko, gari likipakiwa mikate. Kisha watu wanaamka, majagi ya umeme ya kuchemshia chai, mzigo unapanda kidogo na kushuka. Mchana ni kimya, hata ndege wanasikika kibandani. Kuanzia saa moja jioni taa, televisheni, majiko ya umeme, vyote pamoja, tunafika thelathini na moja. Jumapili ina sura yake: asubuhi pasi za kwenda kanisani, jioni pasi za sare za shule. Nimecheka mwenyewe nilipoiona kwenye namba. Naweza kujua nani amechelewa ibada.

Sifaeli ananiita "binti yangu" na kunipa mkate kila asubuhi. Mkate nampa mbwa wa mama. Mjukuu wake Nice anapata Kipaimara mwaka huu, na nyumba karibu zote zenye watoto wa Kipaimara zimemwagiza keki. Jana alikuwa akijisifu dukani kwa Bi Mwanamkuu: "Mwaka jana keki ziliharibika kwa ajili ya Sinzia. Mwaka huu tuna kijana aliye macho." Bi Mwanamkuu aliendelea kupima sukari.

Mjomba, mwaka jana zile keki alizioka saa ngapi?

Mpwa wako,
Eunike


Sekei
20 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Umeuliza swali ambalo mkutano mzima haukuuliza. Alizioka mchana. Makubaliano ya umoja yanasema oveni iwashwe usiku tu, kijiji kikiwa kimelala, na mchana laini ya mkate, ile inayopeleka umeme kwake, isizidi kilowati mbili za taa na friji. Siku ile oda zilikuwa nyingi, usiku haukumtosha, akaendelea. Niliona mita ya ubaoni ikipanda kupita jioni yoyote niliyowahi kuiona, lakini mita ile huonyesha jumla ya kijiji tu. Haisemi ni nani. Nilisikia harufu ya keki hadi kibandani, na harufu si ushahidi.

Leo Lucky anakuletea sanduku. Anadhani ni redio. Ni mita ya zamani niliyopewa kama pambo siku nilipoagwa kazini, kwenye chumba cha kuongozea gridi ya taifa. Nimeijaribu, ni nzima. Ina mishale miwili. Mweusi unapanda na kushuka kufuata mzigo. Mwekundu hauna nguvu yake yenyewe, unasukumwa na mweusi. Mweusi ukishuka, mwekundu unabaki palepale ulipofikishwa, na hautashuka hadi mkono wa mtu uurudishe. Haushtuliwi na mruko wa sekunde moja wa mota inayowaka. Mzigo ukidumu kama robo saa ndipo unafika mahali pake. Ndiyo maana tuliupenda. Kiwanda kingeweza kusema lolote kuhusu siku iliyopita, na mshale ungekuwa bado juu.

Ifunge kwenye laini ya mkate. Lakini angalia: mshale hausemi saa. Ukiuacha tangu Jumamosi, oveni ya usiku itausukuma, na Sifaeli atasema ni ya usiku. Kwa hiyo Jumapili ya Kipaimara, kukishapambazuka na oveni imezimwa, urudishe sifuri, ufunge kifuniko kwa waya na lakiri. Shahidi awe Bi Mwanamkuu. Yeye ni mweka hazina wa umoja, na kwa kuwa ni Mwislamu hatakuwa kanisani wala jikoni asubuhi ile. Sifaeli hataweza kusema ni wa ukoo wetu wala kwamba tunakaa naye benchi moja.

Na siku hiyo usishushe laini yoyote. Usimkatie mtu umeme, kaa uangalie tu. Mashine iachwe iamue.

Nimesubiri mwaka mzima, naweza kusubiri majuma matano.

Abdiel


Nkoamasi
9 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Mita nimeifunga, inafanya kazi. Barua hii ni fupi kwa sababu nina hasira, na sijazoea kuwa na hasira na wewe.

Nilipita kwenye nyumba zote zenye watoto wa Kipaimara nikiuliza siku ile watapikia nini. Kwa mama Yiamat majiko mawili ya umeme na spika za kukodi. Kwa mwinjilisti jagi kubwa la chai na friji la jirani. Nimeenda nyumba kwa nyumba hadi nimeshiba loshoro. Nikajumlisha: kijiji peke yake kitafika thelathini na nne. Oveni na nyumba ya Sifaeli, zilizo laini moja, ni kumi na tatu. Jumla arobaini na saba. Mashine ni arobaini.

Hesabu hii wewe huwezi kuwa hukuifanya. Ulikuwa nayo tangu nilipokutumia karatasi ya kwanza. Kisha ukaniandikia "usishushe laini yoyote, mashine iachwe iamue."

Mjomba, mashine itaamua kuungua. Sifaeli atakuwa amesimama mbele ya wageni wake na muziki utakatika, sawa, hilo unalitaka na mimi nalitaka. Lakini kibandani atakuwepo nani? Wewe uko Sekei. Watakaposhuka na hasira zao, hawatauliza kwanza mshale mwekundu uko wapi. Watamkuta binti wa dada yako, na Lucky ataanza kupiga honi nje kwetu akiita Sinzia Mdogo. Na mama atakaa gizani Krismasi nyingine, pamoja na watu wote waliokucheka na wasiokucheka.

Niambie kama ulilifikiria hilo. Kama ulilifikiria ukaendelea, niambie pia.

Eunike


Sekei
14 Novemba 2024

Mpwa wangu Eunike,

Hesabu yako ni sahihi, hata ile ya kwa mwinjilisti, ambako mimi nilikisia kidogo kuliko wewe.

Nilihesabu pasi, majagi, majiko, spika na oveni. Wewe sikukuhesabu. Nilikuona kama jicho langu kwenye mita, na jicho halipigiwi honi. Anande alisoma barua yako, akaikunja, akasema, "Sifaeli alimbebesha mtu mmoja kosa lake. Wewe unataka kumbebesha mwingine kosa hilohilo." Akaenda zake jikoni. Hatujazungumza vizuri tangu hapo.

Usidhani nimemsamehe. Nimebadilisha njia tu, na njia hii ni bora, kwa sababu ile ya kwanza ingewaadhibu watu wote na yeye angejificha katikati yao.

Kwenye gridi, mzigo ukikaribia uwezo, mwongozaji hasubiri mitambo ianguke. Anashusha laini moja ili nyingine zibaki. Swali huwa ni ipi. Katiba ya umoja wenu, niliyoiandika mimi kabla ya Sifaeli kuwa mwenyekiti, inasema mwendeshaji aikate laini inayovunja makubaliano yake, akiwa ameionya mbele ya kiongozi mwingine. Kwa hiyo mwonye. Nenda dukani kwa Bi Mwanamkuu akiwepo, umwambie kwa heshima, "Mzee, Jumapili oveni izimwe alfajiri, la sivyo nitashusha laini yako." Atacheka. Mwache acheke mbele ya Bi Mwanamkuu.

Siku yenyewe, keti mbele ya mita ya ubaoni. Ikifika thelathini na nane, na mshale mweusi wa laini ya mkate uko juu, shusha mkono wa laini hiyo. Huo tu. Usiurudishe hadi oveni ionekane imezimwa.

Kijiji kizima kitawaka. Ataona giza lake mwenyewe.

Abdiel


Nkoamasi
26 Novemba 2024

Mzee mwenzangu Abdiel,

Bwana Yesu asifiwe. Nakuandikia kama mtu tuliyepiga naye magoti altare moja, wewe kulia mimi kushoto, siku ya Kipaimara yetu.

Najua yaliyotokea unayafahamu, maana barua zenu zote zimesafiri kwa gari langu. Sikufungua hata moja, sasa najuta.

Jumapili nilikuwa na wageni hadi kutoka Moshi. Nimeshika kipaza sauti, nambariki mjukuu wangu Nice, kikakatika. Friji zikanyamaza. Nikasema ni mashine, tuvumilie. Lakini ng'ambo ya bonde muziki unasikika, kwa mama Yiamat wanacheza, kwa mwinjilisti wanacheza, kila mahali ila kwangu. Keki zilizokuwa ndani ya oveni zilibonyea katikati. Nice alilia mbele ya wageni. Mpwa wako nilimtumia mtu mara mbili, akajibu, "Oveni ikizimwa nitarudisha." Mtoto niliyempa mkate kila siku.

Sikatai, oda zilizidi na oveni iliendelea asubuhi. Ni jambo la kuzungumza wazee wawili. Lakini sasa Bi Mwanamkuu anasema mita yenu ile itafunguliwa mkutanoni Jumamosi hii, mshale wake uangaliwe, na watu wameanza kunung'unika kuhusu mwaka jana. Nakuomba umwambie binti aurudishe huo mshale chini kabla ya Jumamosi. Nami nitasema mkutanoni kwamba mwaka jana hatukuelewana vizuri, na nitapendekeza uwe mlezi wa umoja. Lile jina litakufa lenyewe taratibu.

Wako katika Bwana,
Sifaeli


Nkoamasi
27 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Sifaeli ameniambia amekuandikia, kwa hiyo nami naharakisha.

Nilimwonya dukani mbele ya Bi Mwanamkuu, akacheka, na Jumapili nikashusha laini yake mita ya ubaoni ikiwa thelathini na nane. Jumla ikashuka hadi ishirini na tano, kisha kijiji kikaendelea kupanda chenyewe hadi thelathini na nne, kama tulivyohesabu. Mashine haikukohoa. Mshale niliurudisha sifuri alfajiri mbele ya Bi Mwanamkuu, na jioni, kabla ya oveni ya usiku, tukaitoa mita kwenye laini. Mshale mwekundu umekaa kwenye kumi na tatu, lakiri haijaguswa, Bi Mwanamkuu anakuja kuitazama kila siku akienda kuchota maji.

Kuna jambo Sifaeli hatakuwa amekuandikia. Kipaza sauti kilipokatika, mmoja wa wageni wa hapahapa kijijini aliuliza kwa sauti, "Leo Sinzia ni nani?" Mama Eliakunda, mmoja wa wapishi, akajibu akiwa anakoroga sufuria, "Si ndiye huyo aliyesimama na kipaza sauti?" Walicheka hadi waliokaa nyuma. Nimeambiwa na watu wanne, kila mmoja anaiga sauti yake.

Nilifurahi, mjomba, sikufichi. Ila Nice nilimwonea huruma. Jumatatu nilimpelekea mayai.

Kuhusu mshale sitaugusa hadi nione barua yako.

Eunike


Sekei
29 Novemba 2024

Mzee mwenzangu Sifaeli,

Na asifiwe milele.

Mtoto Nice hakunikosea lolote. Anande amemtumia kitenge ndani ya kifurushi hiki, na kitabu cha nyimbo. Wewe nakutumia maelezo, yale uliyosema muda wake umekwisha.

Mwaka jana ulishika uniti za Novemba ukasema ni chache, kwa hiyo mashine haikuzidiwa. Zilikuwa chache kwa sababu mashine ilikufa na siku zilizobaki hakuna aliyetumia umeme. Ulichukua matokeo ya uharibifu ukayafanya ushahidi kwamba hapakuwa na uharibifu. Ningeweza kukusamehe kutojua; watu wengi hawajui, na nimetumia maisha yangu kuwaeleza bila kuchoka. Lakini wewe ulikuwa na oveni ya moto mbele yako mchana ule. Hukuhitaji mita.

Unasema jina litakufa taratibu. Halikuzaliwa taratibu. Lilizaliwa kwa sentensi yako moja, na asubuhi iliyofuata Lucky alikuwa analipigia honi kuanzia Nkoamasi hadi Daraja Mbili. Limenifuata hadi geti la mwanangu. Wajukuu zangu wamelisikia wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Mke wangu aliacha kwaya aliyoimba tangu usichana, kwa sababu ya mtu mmoja kusinzia kwa mzaha kila alipoingia. Ulezi wa umoja wenu hauniondolei hata asubuhi moja kati ya hizo.

Mshale hautarudishwa. Nimemwandikia Eunike leo hii: usiguswe. Kesho mkutanoni Bi Mwanamkuu atakata lakiri mbele ya watu, utasomwa kumi na tatu mahali panapotakiwa mbili, na Eunike atawaeleza kuhusu mama na mikungu ya ndizi. Anaeleza vizuri kuliko mimi. Ukitaka kusema neno, muda wa maelezo utakuwepo. Nimemwomba asikukatize.

Baada ya hapo mkono wa kuurudisha mshale chini uwe wako, watu wakiona. Ni kijiti kidogo chini ya kioo, unakisukuma kwa kidole. Hakina uzito wowote.

Lakini hayo ni ya kesho. Barua hii Lucky ataichukua getini kwangu akiwa anarudi, na itakufikia kabla hajapakia mikate iliyobaki ya mzunguko wa jioni. Hatasikia ya mkutanoni. Jumamosi yuko njiani. Na yeye ndiye mdomo ulioutumia.

Leo, kabla gari halijatoka, mwite Lucky umwambie kwa kinywa chako ni nani aliyezima umeme wa Nkoamasi mwaka jana.

Abdiel